Kanisa la Escomb: anza kwa kuzunguka nje

Tulio kaskazini mwa Uingereza tunapita mji wa Bishop Auckland mara kwa mara, na kijiji cha Escomb kiko hapo jirani. Kanisa lake lilijengwa karne ya 7. Ukienda, usikimbilie mlangoni. Zunguka nje kwanza.

Mawe yale ni makubwa kupita mahitaji ya kanisa la kijiji, kwa sababu yalichongwa kwa kazi nyingine: yalitoka Binchester, ngome ya Warumi iliyokuwa imeachwa. Kwenye ukuta wa kaskazini tafuta jiwe lenye herufi LEG VI, alama ya Lejioni ya Sita, kikosi cha jeshi la Kirumi. Herufi ziko kichwa chini. Mwashi alitaka jiwe tu, maandishi hayakumhusu.

Umri usome madirishani. Yale madogo yaliyo juu ndiyo ya mwanzo: nje ni tundu jembamba linalozuia upepo na mvua, ndani ukuta umekatwa mshazari ili mwanga kidogo unaoingia utawanyike. Membamba yenye ncha ni ya karne ya 13. Makubwa yalitobolewa baadaye sana. Upande wa kusini kuna saa ya jua ya kale, mistari yake 3 ikionyesha nyakati za ibada.

Ndani, ukumbi una urefu wa takribani mita 13 na upana usiofika mita 5, lakini kuta zimepanda juu sana. Simama mbele ya tao la kuingilia altareni, utazame miimo yake: jiwe moja limesimama, linalofuata limelala, hivyo hivyo hadi juu. Lililolala huingia ndani ya ukuta na kulishika lililosimama lisichomoke. Kwangu hapa ndipo penye ufundi wote wa jengo.

Mwaka 1863 kijiji kilijenga kanisa jipya, hili likaachwa na paa likaharibika. Lilikarabatiwa kati ya 1875 na 1880.

Kuta za namna hii zinataka chokaa, kama nyumba za mawe za Lamu na Unguja. Chokaa hupumua, na unyevu wa ukutani hutoka nje kupitia maungio ya mawe. Ukiziba maungio kwa saruji, maji hutafuta njia ndani ya jiwe lenyewe. Baridi ikigandisha, maji hutanuka na uso wa jiwe hubanduka vipande. Saruji inabaki imetokeza, jiwe limeliwa.