Mchanga Mgumu wa Mwezi Kumi

Nilipoanza kukimbia ufukweni Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, miaka kama sita iliyopita, mama yangu alinisimamisha mlangoni akaniuliza ni nani aliyekuwa akinifukuza. Hakuwa akitania. Kijijini kwetu mtu mzima akionekana mbioni, ama ameiba ama anapeleka habari ya msiba, na mwalimu wa skuli hatarajiwi kuwa katika hali ya kwanza. Sikuwa na jibu la kumpa. Ninachokijua ni kwamba ipo dakika, kwa kawaida baada ya kilomita ya tatu, ambapo pumzi na miguu hupatana, na madaftari yanayongoja kusahihishwa na deni la dukani vyote hubaki nyuma. Dakika hiyo ndiyo niipendayo, na haikupatikana kwa urahisi.

Kwanza nilipotezwa na bwana mmoja wa mjini, mwalimu wa mazoezi kwa maelezo yake mwenyewe, aliyenishauri nikimbie kwenye mchanga laini wa juu, kwa kuwa ndio unaojenga miguu, tena kwa viatu vizito. Nilinunua mtumba wa Darajani kwa elfu thelathini na kitu, nikafuata shauri lake. Wiki ya pili kano ya kisigino ikaanza kuniuma hata nikawa nashuka ngazi za skuli kinyumenyume, huku wanafunzi wakinitazama. Nilipomlalamikia, akanitajia John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililoumia. Namheshimu sana Akhwari, lakini yeye aliumia mashindanoni. Mimi niliumizwa na ushauri.

Nilipopona niliamua kukimbia chini, karibu na maji, kwenye mchanga mbichi. Siku niliyoichagua ilikuwa mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi kuandama, baada ya sala ya alfajiri, mbalamwezi imetanda, nami nikajipongeza kwa kutohitaji tochi. Maji yalikuwa yamejaa hadi mizizi ya minazi. Mtu mwenye akili angerudi kulala. Nilikazana hivyo hivyo kuelekea Paje, kijiji jirani, mpaka nikafika penye ukuta wa hoteli moja uliojengwa hadi majini, mawimbi yakiupiga na kurudi. Nikahesabu mawimbi matatu, nikaona nimeijua desturi yake, nikachomoka. Wimbi la nne halikuwa na desturi. Lilinikuta katikati, likanivua kiatu cha kushoto, nami nikaparamia ukuta na kuangukia upande wa pili, ndani ya bustani, mbele ya mlinzi wa Kimasai aliyekuwa na rungu na kurunzi.

"Kaka, unatoka wapi?"

"Jambiani."

"Na unakwenda wapi?"

"Jambiani."

Alinimulika kutoka kichwani hadi kwenye mguu ulio mtupu, akafikiri kidogo, kisha akasema, "Sasa si ungebaki huko huko?" Alinitoa kwa lango la mbele kwa adabu zote. Nilirudi kwa daladala, na konda alinikataza kukaa nisije nikalowesha viti, ingawa nauli aliipokea kamili.

Shangazi yangu, ambaye amelima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, alicheka mpaka akaketi. "Unasomesha hesabu, mwanangu, na mwezi hujui kuuhesabu?" Kisha akanieleza jambo ambalo wanawake wa pwani hii wanalijua kama wanavyojua njia ya kisimani. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano ni bamvua, wakati maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine: alfajiri maji yamejaa, na hukupwa mbali sana kwenye saa nne au saa tano za asubuhi, ndipo wao huteremka mashambani mwao baharini. Kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini. Nilikwenda nyumbani nikaketi na kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu, nikapiga hesabu, na jibu likawa mwezi kumi hadi kumi na mbili, kisha ishirini na tano hadi ishirini na saba. Siku hizo maji hukupwa kwenye saa kumi na mbili za asubuhi, na tena kwenye saa kumi na mbili za jioni, jambo lililonifaa sana mwezi wa Ramadhani, kwani napata kunyoosha miguu kidogo kabla ya futari.

Sasa nakimbia pekupeku. Mchanga ulio tayari hujionyesha: ukikanyaga, hugeuka mweupe kuuzunguka unyayo, kisha ukarudi kuwa wa kijivu unyayo unapoondoka. Usipogeuka, sogea. Ufukwe una mteremko, kwa hiyo mguu mmoja hubeba zaidi, na kurudi kwa njia ile ile husawazisha. Ndiyo sababu jibu langu kwa yule mlinzi lilikuwa sahihi.

Shangazi bado haoni maana ya mtu kwenda Paje na kurudi mikono mitupu. Siku ya mwezi kumi na moja iliyopita aliningoja ufukweni na fundo la kamba za mwani, akanifungia mgongoni kwa kipande cha kanga, akaniagiza nimfikishie wifi yake. Nilikimbia nazo. Njiani mzee mmoja aliniuliza ninakimbilia wapi, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu: "Napeleka kamba."