Siku moja Nashville, na mstari uliokuwa ukinikimbia

Saa kumi alfajiri. Usingizi umekatika saa ile ile ya siku zote. Zamani ningebaki macho juu mpaka kukuche, nikisikia honi ya lile lori la ajali yetu kule Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru. Siku hizi naamka, naketi jikoni na kuchukua gitaa.

Kidole kidogo cha mkono wangu wa kushoto hakikunjiki tangu ajali, miaka 11 sasa, kwa hiyo kodi ya F, ile ya kubana nyuzi kadhaa zilie pamoja, siipati vizuri. Nalegeza waya mnene kutoka sauti ya E hadi D, dole gumba linapiga besi, kidole cha shahada kinacheza juu. Vidole viwili tu. Ndivyo alivyopiga Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili na mwaka 1969 akapanda jukwaa la tamasha la muziki la Newport huku Marekani. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha. Ndiye pia aliyeketi ubavuni mwangu kwenye ile matatu.

Saa kumi na moja na nusu Mama anapiga. Nakuru ni mchana.

"Mwanangu, umelala?"

"Kidogo, Mama."

"Na wimbo wa kaka yako umefika wapi?"

Namwambia bado.

Saa moja hadi saa nane niko kazini, nahudumia wazee. Kuogesha, kulisha, kugeuza kitandani.

Saa tisa alasiri naenda kwa rafiki yangu, mwanamke aliyekuwa jeshini, tuandike. Nashville watu hukutana kutunga kama wanavyokutana fundi na fundi: meza moja, kahawa, magitaa mawili. Tunachoimba kinaitwa Americana, kantri iliyochanganyika na bluzi, nyimbo za kanisani na za wakulima wa milimani. Mimi niliyekua na nyimbo za kantri za Jim Reeves kwenye redio ya baba sikuona ugeni. Kilichonivuta hasa ni albamu aliyoitoa mwimbaji Mary Gauthier mwaka 2018, nyimbo alizoandika pamoja na wanajeshi waliorudi kutoka vitani na familia zao. Nilipoisikia nililia ndani ya basi. Watu wale hawakuwa wakipamba chochote.

Namwimbia beti la pili: *akaniachia mkono, taa zikazima.*

Anaweka kikombe chini. "Nani aliachia?"

Sijibu. Friji linanguruma. Mshauri wangu wa nafsi, ninayemwona Alhamisi, ambaye sitamwacha hata nikiimba kila siku, amewahi kunizungushia swali hilo kwa upole nikalikwepa. Safari hii dole gumba limeshaanza besi, na besi haisubiri. Naimba: *nikamwachia mkono, taa zikazima.* Halafu tena. Mara ya tatu sauti haikatiki.

Ndotoni lori lile halifiki na wala halipiti. Wimbo una dakika nne na kodi ya mwisho, nikishaipiga nakuwa nimevuka. Sijui namna nyingine ya kueleza kwa nini nabeba gitaa kila mahali.

Saa moja na nusu usiku, baa ndogo ya East Nashville. Tumeketi waimbaji wanne tukitazamana, wasikilizaji wametuzunguka, kila mmoja anaimba kwa zamu. Zamu yangu inafika. Naeleza kwa Kiingereza maana ya neno *mkono*, kisha naimba beti la pili kwa Kiswahili kama lilivyo. Nikimaliza, anayefuata hagusi nyuzi zake mara moja. Anavuta pumzi mbili, na hakuna anayemharakisha.

Saa tano usiku niko nyumbani. Nimemtumia Mama rekodi kwa WhatsApp, maana kwao kumekucha. Tiki zimegeuka buluu. Dakika nyingi zinapita. Nakoga, nakunywa chai, narudi kwenye simu.

Amerudisha sauti ya sekunde 9.

"Mwanangu, mkono wako ulikuwa umevunjika. Ungemshikaje?"