Kigong'ota kwenye Ghuba ya Speke

Leo asubuhi kigong'ota alianza kazi kwenye tawi kavu la mwembe kabla maji ya chai hayajachemka. Mjukuu wangu alikuwa kwenye mkeka, atlasi ya shule imefunguliwa magotini, kidole kimesimama kwenye Ghuba ya Speke, ule mkono wa Ziwa Victoria unaopokea maji ya Simiyu, Mbalageti na Grumeti. "Babu, Speke maana yake nini?" Kwake kila jina lina maana. Yeye mwenyewe ni Shija kwa sababu amezaliwa nyuma ya Kulwa na Doto, na hajapata kukutana na jina lisilojieleza.

Nikamwambia asikilize juu ya mwembe. "Huyo anayegonga ndiye Speke."

Akacheka, akidhani namtania. Lakini ndivyo lilivyo, na mara moja nikarudi kwenye ile Oktoba ya Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, nilikokwenda kufuatilia jina la ukoo la Speke, yule msafiri Mwingereza ambaye ghuba yetu ina jina lake. Oktoba ya koti la kuazima.

Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye chumba cha nyaraka mbele ya mashine, kando yangu ramani tupu ya Uingereza, penseli nyekundu na kifutio. Kazi niliyojipangia ilikuwa rahisi kuieleza: kuhesabu kila mwenye jina la ukoo la Speke aliyeandikwa katika sensa ya usiku wa tarehe 3 Aprili 1881, na kutia nukta moja kwa kila mtu mahali alipokuwa amelala. Sensa ile ndiyo inayopendwa na wafuatiliaji wa majina, kwa kuwa watu waliojitolea waliinakili yote, jina kwa jina, kwa nchi nzima. Nikaandika Speke, nikabonyeza. Majibu yakamiminika, na karibu yote yakatoka Lancashire, kaskazini, kandokando ya mto Mersey.

Nikaanza kutia nukta. Nukta ya kwanza, ya tano, ya ishirini. Nakumbuka penseli ilivyokuwa ikilia kwenye karatasi, na moyo ulivyonienda mbio. Kila kitabu nilichokuwa nimesoma kiliniambia kwamba hawa ni watu wa kusini-magharibi, Devon na Somerset, na mimi nilikuwa naona kwa macho yangu nukta nyekundu zikijazana kaskazini. Nilishaanza kupanga kichwani nitakavyolieleza jambo hili. Kisha yule mama mhifadhi wa nyaraka akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Hakusema neno. Akaweka kidole kwenye kioo, akakipeleka polepole kulia mpaka safu ya mwisho, safu ya mahali mtu alipozaliwa. Speke. Akashuka mstari mmoja: Speke. Mwingine: Speke. Kisha akakirudisha kidole kushoto, kwenye safu ya majina ya ukoo, akakiacha hapo. Hapakuwa na Speke hata mmoja. Palikuwa na majina mengine kabisa, ya wakulima na watumishi wa ndani waliozaliwa katika kijiji kiitwacho Speke.

Akanisogezea kifutio. Ramani ile ninayo hadi leo, na mahali pa Mersey pana wingu la rangi ya waridi lisilotoka.

Kosa lilikuwa dogo. Nilitafuta neno popote lilipo, badala ya kulifunga kwenye safu ya jina la ukoo peke yake. Anayefuatilia jina ambalo pia ni mahali, na majina ya Kiingereza ya namna hiyo ni mengi mno, afanye hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Aiache nje pia safu ya majina ya katikati, maana Waingereza wa tabaka la juu walikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la ukoo la mama yake kuwa jina la pili. Msafiri wetu mwenyewe ni mfano: John Hanning Speke, na Hanning ni ukoo wa mama yake. Usipoliacha nje jina la katikati, unamhesabu mtu mmoja katika koo mbili.

Kijiji cha Speke kiko pembeni mwa Liverpool. Kimeandikwa katika Domesday, kitabu cha kuorodhesha mashamba ya Uingereza cha mwaka 1086, kwa tahajia ya Spec, na asili yake ni Kiingereza cha kale, ama neno la vijiti vya kichaka, ama neno la nyama ya nguruwe iliyokaushwa, wajuzi hawajakubaliana. Ukoo huu wa kusini una asili nyingine. Ulikuja na Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066, ukiitwa Espec, na neno hilo kwa Kifaransa cha zamani ni kigong'ota. Mfaransa wa leo bado anamwita mmoja wa ndege hao épeiche. Jina la utani tu, kama tunavyomwita mtu Kunguru au Mbuni. Huenda wa kwanza alikuwa na pua ndefu, au alivaa rangi nyingi, au hakuweza kukaa kimya.

Tazama irabu ya mwanzo. Wafaransa hawakupenda kuanza neno kwa s na p zikishikana, wakatanguliza e. Waingereza wakaiondoa, Espec ikawa Speke. Bibi yangu naye, mzaliwa wa ufukwe wa ghuba hii, hakupenda s na p zikishikana. Akalitamka Sipeke mpaka anaingia kaburini. Niliposoma habari ya ile e pale Somerset, nilisikia sauti ya bibi yangu wazi kabisa, na nikalazimika kutoka nje kidogo.

Espec anayejulikana zaidi katika historia ni Walter Espec wa Yorkshire, aliyeanzisha abasia ya Rievaulx mwaka 1132 na kupigana katika vita ya Standard mwaka 1138. Wengi wanaoandika ukoo wao humpachika juu ya mti. Tahadhari: Walter hakuacha mtoto wa kumrithi, mashamba yake yaligawanywa kwa dada zake watatu. Anaweza kuwa ndugu wa mtu, lakini hawezi kuwa babu wa mtu. Tawi la kusini lina alama yake ya kuaminika huko Devon, kaskazini mwa Exeter, ambako kijiji cha Brampford kilimilikiwa na kina Espec na kikaitwa Brampford Speke mpaka leo. Hapo ndipo watu hujikwaa tena, wakidhani ukoo umepata jina kwa kijiji. Ni kinyume. Lancashire mahali palitangulia. Devon mtu alitangulia.

Kutoka Devon wakaoa wakaingia Whitelackington, karibu na Ilminster, Somerset, na hapo wakawa wakubwa kweli. Mmoja, Charles Speke, alinyongwa Ilminster mwaka 1685 baada ya uasi wa Duke wa Monmouth dhidi ya mfalme. Mwaka 1756 binti wa ukoo, Anne Speke, aliolewa na Frederick North, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza wakati Marekani inajitenga. Damu ikaendelea, jina likakoma kwenye mstari huo.

Hivi ndivyo jina la nadra linavyopungua, wala haihitaji vita au tauni. Jina linapita kwa wana wa kiume tu. Baba mwenye mabinti wanne na asiye na mwana amelifikisha jina mwisho wake, hata wajukuu wakijaza ukumbi. Mwanasayansi Francis Galton na mchungaji Henry Watson walilifanyia hesabu jambo hili mwaka 1874. Ukoo unaoanza na mtu mmoja una uwezekano mkubwa wa kuzimika katika vizazi vichache vya mwanzo, kwa bahati tu. Jina kama Smith lilianzia kwa wahunzi maelfu, kwa hiyo haliathiriki. Speke lilianzia kwa mtu mmoja au wawili. Na yule aliyelileta mpaka kwetu hakuoa. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, shambani Wiltshire, tarehe 15 Septemba 1864, akiwa na miaka 37. Kwenye ramani yangu ya 1881 hakuongeza nukta hata moja.

Yule mama alinifundisha kutengeneza ramani upya, na njia yake naitumia mpaka leo. Usitie nukta kwa idadi tupu ya watu, kwa sababu London itakudanganya kila mara. Ina watu wengi wa kila jina. Gawanya kwa idadi ya wakazi wote wa mahali hapo. Chukua mfano wa kubuni: watu 9 wa jina lako katika wilaya ya watu 15,000, na watu 12 London, ambayo mwaka 1881 ilikuwa na watu kama milioni 3.8. Kwa macho London imeshinda. Ukigawanya, ile wilaya ina watu 600 kwa kila milioni, London ina watatu. Chimbuko liko kwenye 600. Tena tumia wilaya za uandikishaji, ambazo ni ndogo, badala ya kaunti nzima, kwa kuwa mipaka ya kaunti ilipanguliwa mwaka 1974: kijiji cha Speke kilikuwa Lancashire, sasa ni Merseyside. Anayelinganisha ramani ya 1881 na ya leo bila kulijua hilo ataona watu wamehama kumbe mpaka ndio umehama.

Halafu tahajia. Makarani waliandika walichosikia, kwa hiyo andaa orodha kabla: Speke, Speake, Speak, Speck, Speeke. Mfumo wa Soundex wa kukusanya majina yanayosikika karibu sawa, ule unaobakiza herufi ya kwanza na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu, unayaweka yote chini ya S120, jambo jema, lakini unamwingiza na Spike asiyehusika. Espec anakwenda E212, mbali kabisa. Mashine haiwezi kujua kwamba huyu ni baba wa hao. Na kuna Speight wa Yorkshire, S123, ambaye jina lake nalo ni kigong'ota, ila kwa njia ya lugha za Kijerumani badala ya Kifaransa. Ndege mmoja, koo mbili zisizohusiana. Huyo usimtie kwenye hesabu hata roho ikitaka.

Kurudi nyuma zaidi kuna ngazi zake. Sensa ya 1851 inataja parokia ya kuzaliwa. Ile ya 1841 inasema tu kama mtu amezaliwa katika kaunti ile au la, na umri wa wakubwa umeshushwa hadi kwenye tano iliyo karibu, hivyo mtu wa miaka 39 ameandikwa 35. Uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo wa serikali umeanza Julai 1837. Kabla ya hapo ni madaftari ya parokia, yaliyoamriwa mwaka 1538. Kabla ya 1752 mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo ubatizo wa Februari 1700 ni Februari 1701 kwa hesabu yetu. Usipolirekebisha hilo, utapata mtoto aliyebatizwa kabla wazazi hawajaoana na utawasingizia watu wa Mungu.

Na kuna pengo lisilozibika. Mei 1942 mabomu ya Wajerumani yaliangukia Exeter na kuunguza ofisi ya wosia. Wosia za Devon na Somerset, karne kwa karne, zikawa majivu. Kaunti zile zile mbili za ukoo huu. Mwaka huo huo karatasi za sensa ya 1931 ziliungua pia, na ya 1941 haikufanyika kwa ajili ya vita. Baada ya ile ya 1921 hakuna sensa ya kushika mpaka 1951, nayo bado imefungwa, kwa kuwa sensa hufunguliwa ikitimiza miaka 100. Mama yule alinieleza habari ya Exeter kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja msiba wa nyumbani kwake. Nilimpa pole, na aliipokea.

Ramani iliyobaki baada ya kifutio ilikuwa na nukta chache sana, zimekaa kusini-magharibi, na moja moja zimetawanyika. Nilipoitazama nikawaza jinsi jina hili lilivyo dogo kwao na lilivyo kubwa kwetu. Huku limeshika ghuba nzima. Limeshika mlima mmoja wa safu ya Ruwenzori. Limeshika nzohe, swala wa vinamasini, ambaye kwa jina la kisayansi ni Tragelaphus spekii. Naye mwenye jina, alipokaribia ziwa tarehe 3 Agosti 1858, alitoka Isamiro akapanda kilima alichosema hakina jina la wenyeji, akakiita Somerset. Nimezaliwa karibu na vilima vile, na sijapata kukutana na mzee wa Kisukuma aliyenionyesha kilima kisicho na jina. Lakini pia najua kilichomjia mtu yule kichwani alipofika mbali kabisa: kwao, tena kwao padogo. Nimebeba mambo haya mawili tangu Oktoba ile, na sijaweza kuyapatanisha.

Nimemweleza Shija kwa ufupi, bila Soundex. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha amechukua penseli akaandika kando ya ghuba, kwa herufi kubwa zinazopanda kidogo: KIGONG'OTA. Atlasi ni ya shule, inarudi Jumatatu. Kifutio kiko hapa mezani, nami bado sijakigusa.