Kutengeneza maua ya bustani kwa sahani na bilauri kuukuu: uzoefu wangu

Natengeneza maua ya mapambo kwa kupachika vyombo kuukuu juu ya shina la bomba. Sahani haina haraka ya kuharibika bustanini. Kinachoharibika ni maungio: gundi inaachia, tundu linapasuka, bolti inashika kutu. Kwa hiyo muda wangu mwingi huishia hapo, na suala la rangi nalimaliza mapema.

Ua moja lina vyombo vitatu. Nyuma inakaa sahani ya sentimita 24 hadi 27, katikati kisosi au bakuli la sentimita 14 hadi 17, na mbele kitu kidogo cha sentimita 5 hadi 8: kikombe kifupi, kifuniko cha birika, au kibakuli cha kioo. Vyombo vyenye ukingo wa mawimbi ndivyo vinavyotoa petali nzuri zaidi. Kioo kisicho na rangi kikiwekwa mbele ya sahani nyeupe hakionekani kabisa, kwa sababu uzuri wake unategemea mwanga unaotoka nyuma. Vioo navitengenezea maua yake, bila sahani ya kauri nyuma, na kuyasimamisha mahali ambapo jua la asubuhi au la jioni litapita ndani yake.

Kabla ya lolote, bebesha sahani kwenye ncha za vidole na uigonge kwa kucha. Nzima hulia, yenye ufa uliojificha hutoa sauti butu, na hiyo haifai kutobolewa. Halafu weka tone la maji kwenye duara la chini, ule ukingo unaokaa mezani, mahali pasipo na ung'aro (lile tabaka laini linalong'aa juu ya kauri). Tone likinyonywa, hicho ni chombo cha udongo laini. Ni rahisi kutoboa, ila kwenye baridi ya kugandisha maji yaliyomo ndani huganda, hutanuka, na kung'oa ung'aro vipande vipande. Sahani za melamini (plastiki ngumu) siziweki kwenye jua kali kwa muda mrefu, hupauka.

Kwenye vioo kuna hatari moja isiyo na mjadala: kioo kilichoimarishwa kwa joto kiwandani. Sahani nyingi zinazozunguka ndani ya maikrowevu, vifuniko vya kioo vya sufuria na baadhi ya bilauri za kunywea ni vya aina hiyo. Biti ya drili, kile chuma cha kutobolea, ikikigusa hakipati ufa tu. Chote kinasambaratika kuwa punje. Ukitaka kukipima, kiweke mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta na ukitazame kwa miwani ya jua yenye polaroidi (aina inayokata mng'ao). Kikionyesha mistari au mabaka ya rangi, usikitoboe. Kibandike kwa gundi ya silikoni tu.

Kutoboa nahitaji drili ya betri na biti ya mrija ya milimita 8 yenye chembe za almasi. Nasema ya betri kwa sababu kazi hii hufanyika ndani ya maji, na waya wa umeme hauna nafasi karibu na beseni. Zima kabisa ile swichi ya kugonga, inayofanya drili ipige kama nyundo. Weka ubao ndani ya beseni, sahani juu ya ubao ikiwa imetazama juu, kisha mimina maji yaifunike kwa sentimita moja. Katikati pimia kutoka duara la chini, usifuate maua yaliyochorwa, kwani michoro mingi imekaa upande. Toboa kuanzia mbele ili kipande kikimeguka wakati biti inatokea, kimeguke upande wa nyuma usioonekana.

Biti ya mrija haina ncha, kwa hiyo hapo mwanzo huteleza na kuchora mikwaruzo. Ilaze kwa nyuzi 45 hivi mpaka itengeneze mkato wa nusu duara, kisha inyanyue taratibu hadi isimame wima. Mzunguko uwe wa chini, 500 hadi 900 kwa dakika. Usikandamize: uzito wa drili yenyewe unatosha. Kila baada ya sekunde kumi inua biti kidogo maji yaingie. Tope jeupe linatakiwa kuendelea kutoka. Likikauka na sauti ikawa kali, joto limeanza kukusanyika, na ufa hauko mbali. Milimita ya mwisho ndiyo inayovunja sahani nyingi. Hapo punguza nguvu mpaka uhisi kama unaishikilia drili isishuke. Kile kipande cha duara kikibaki ndani ya mrija, kisukume kwa msumari kabla ya kuanza sahani nyingine.

Vaa miwani ya kinga muda wote. Usitoboe pakavu, kwani vumbi la kauri na kioo linaumiza mapafu, na ung'aro wa vyombo vya zamani unaweza kuwa na madini ya risasi (ledi). Tope lifute kwa kitambaa na ulitupe. Lisimwagwe kwenye sinki la jikoni.

Kuunganisha natumia bolti ya M6 (unene wa milimita 6) isiyoshika kutu, na kila mahali ambapo kitu kigumu kingekutana na kigumu naweka washa ya mpira, kile kiduara chenye tundu kinachovishwa kwenye bolti. Sasa tazama chini ya bakuli: limesimama juu ya duara lake, na katikati, penye tundu, pana nafasi ya milimita 3 hadi 6 kati yake na sahani. Ukikaza bolti hapo, unavuta sehemu isiyoegemea kitu. Bakuli litapasuka, pengine si siku hiyo bali mchana wa kwanza wenye joto. Jaza nafasi hiyo kwa washa za mpira mpaka zilingane na kimo cha duara. Nyuma ya sahani weka mpira, kisha washa pana ya chuma, halafu nati yenye plastiki ndani ambayo haijifungui kwa mtikisiko wa upepo. Kaza kwa vidole, malizia na spana robo mzunguko. Zaidi ya hapo ni kutafuta ufa.

Asiye na drili atumie silikoni peke yake, na kwa kweli hata aliyetoboa anaweza kuitumia kwenye kile kitu kidogo cha mbele ili kuficha kichwa cha bolti. Gundi ya epoksi huwa ya njano juani, na ni ngumu mno kwa vyombo viwili vinavyotanuka kwa viwango tofauti. Gundi ya bunduki ya moto hulegea jua likipanda. Silikoni hubaki na unyumbufu. Ile inayonuka siki ni nzuri kwa kioo na kauri, lakini asidi yake hula shaba na chuma kilichopakwa zinki. Penye chuma chukua isiyo na asidi.

Osha vyombo, vikaushe, kisha futa sehemu za kugandisha kwa spiriti na usiziguse tena kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya gundi ibanduke nzima nzima. Paka mstari wa milimita 5 au 6 kwenye duara la chini tu, na uache pengo la sentimita moja upande utakaokuwa chini. Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kwenda ndani, takriban milimita 2 hadi 3 kwa siku. Ukiipaka eneo lote, ya katikati inaweza kubaki mbichi kwa wiki kadhaa. Pengo huingiza hewa, na baadaye hutoa maji. Bila pengo, mvuke hunaswa nyuma ya kioo na kukifanya kionekane kichafu daima. Bonyeza kidogo ukizungusha, bakiza unene wa milimita 2, na uliache ua kwa wiki moja hata kama juu panaonekana pamekauka ndani ya saa moja.

Shina langu ni bomba la shaba la milimita 15, urefu wa sentimita 100. Naponda ncha ya juu sentimita 4, naitoboa kwa bolti, kisha naikunja ili ua liiname mbele. Ardhini nachimbia nondo ya chuma ya milimita 10 kwa kina cha sentimita 40, ikibaki 20 juu, na bomba linavaliwa juu yake. Upepo mkali ukitabiriwa, ua linang'olewa na kulazwa chini kwa sekunde chache.

Ule mwinamo usiuache. Bakuli linalotazama juu hukusanya maji, na ndani ya wiki moja au mbili viluwiluwi vya mbu vimeshakuwa mbu. Kioo cha mviringo chenye maji nacho hukusanya miale ya jua mahali pamoja, kwa hiyo maua ya kioo hayakai karibu na nyasi kavu wala ukuta wa mbao. Silikoni ikianza kubanduka, usipake mpya juu ya ile kuukuu, kwani haitashika vizuri. Ikate kwa wembe, kwangua mabaki, futa kwa spiriti, ndipo upake upya.