Raha ya vitabu ambavyo watu hawavisomi, wanavifungua tu

Watu wakinikuta barazani na kamusi wanadhani nina mtihani. Jirani yangu mmoja hapa Ngamiani, Tanga, alishaniuliza, "We bwana unasomea nini siku hizi?" nikamwambia sisomei kitu, nasoma tu, akaniangalia kama ameniona nakula chumvi kwa kijiko. Lakini ndo hivyo. Riwaya nasoma, gazeti nasoma, ila ukinipa kamusi ya zamani au kitabu kizee cha ndege na samaki na mimea, vile ambavyo mtu anavifungua dakika mbili kutafuta kitu kimoja halafu basi, hapo umenimaliza, chai itapoa na simu itaita mpaka ikate yenyewe.

Na sivisomi kwa mpangilio. Nafungua popote, nasoma kitu kimoja, kinanitaja kingine, nakifuata, huko nako nakutana na cha tatu, nikija kushtuka adhana ya alasiri hiyo na nilichokuwa nakitafuta mwanzo nimeshakisahau.

Tuanze na kamusi. Yule mmisionari Krapf aliyekaa Rabai, kule upande wa Mombasa, kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, yeye mwenyewe keshafariki mwaka mmoja nyuma. Ukiisoma leo unaona kabisa huyu bwana hakujua kukomea kwenye maana, anaanza na neno anaishia kwenye desturi za watu, tena Kiswahili chenyewe kina Kimvita kingi, yaani cha Mombasa, kwa hiyo mtu wa Tanga anasoma huku anabishana nayo kimoyomoyo. Mi kubishana huko ndo napenda. Kamusi za siku hizi zimenyooka mno, huoni mtu ndani yake, za zamani unamwona mtunzi kakaa pale na chuki zake na utani wake. Samuel Johnson wa Uingereza, kamusi yake ya 1755, akifika kwenye oti anakwambia hiyo ni nafaka ambayo kwa Waingereza hupewa farasi ila Uskoti ndo inalisha watu. Kwenye kamusi bwana! Na akifika kwenye kazi ya mtunga kamusi anajiita kijakazi asiye na madhara. Usimchanganye na Johnson wetu, Frederick, ambaye kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka 1939, mwaka uleule ambao huko Paris ilianza kutoka ya padri Sacleux, ya Kiswahili kwa Kifaransa, kurasa zaidi ya elfu moja. Sacleux alikaa sana pwani hii na alikuwa mtu wa mimea pia, kwa hiyo unatafuta neno unajikuta umepata na mti na jina lake la Kilatini. Kifaransa changu ni cha kubahatisha lakini hilo halinizuii.

Sasa kama unadhani hii tabia ya kutoka nje ya mada wameianzisha Wazungu, tafuta habari za Damiri. Huyu ni mwanachuoni wa Misri wa karne ya 14, kaandika kitabu cha wanyama, Hayat al-Hayawan, kimepangwa kwa herufi kama kamusi na kinaanza na simba. Kila mnyama anakupa sura yake na tabia yake, amesemwaje kwenye hadithi na mashairi, methali zake, kuliwa kwake ni halali au haramu, dawa inayotoka kwake, na mwisho ukimwota usiku ndoto yako ina maana gani. Kuna ustadh mmoja nilikuwa namsikiliza baada ya darsa akitutolea vipande vyake, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu hapohapo anakuja na hukumu ya sheria, kimya. Ila kituko chenyewe kiko kwa bata bukini. Damiri kafika kwa bata bukini, katika kueleza eleza akamtaja khalifa, basi akaona bora awasimulie makhalifa wote, historia nzima, mmoja baada ya mwingine, kurasa na kurasa, bata mwenyewe yuko pale anasubiri. Mhariri wa leo angeifuta yote ile na mi ningemlaani.

Kabla yake alikuwepo Jahiz wa Basra, karne ya 9, naye ana kitabu cha wanyama kikubwa tu, na yeye anakwambia waziwazi kwamba anaruka ruka makusudi ili msomaji asichoke. Huyo inasimuliwa alifia chini ya vitabu vyake vilivyomporomokea. Sijui mke wangu akilisikia hilo atasemaje maana kabati letu nalo linayumba.

Kile kilichonifanya nikae niandike leo lakini ni kingine. Ni kasisi mmoja anaitwa Gilbert White, alikuwa kijijini kwao Selborne, kusini mwa Uingereza, na kitabu chake cha 1789 ni barua tu alizokuwa akiwaandikia watu wawili wenye hamu ya mambo ya viumbe. Hakuna safari wala simba humo. Kuna kobe wa shambani, kuna popo, kuna mvua ya jana, kuna siku alipochukua parapanda akaenda kupiga makelele mbele ya mizinga ya nyuki, kwa sauti ya kuita meli iliyo maili nzima baharini, aone kama nyuki wanasikia, nyuki wakaendelea na shughuli zao. Mtu mzima na heshima zake. Ukisoma kurasa chache za mwanzo unaweza ukaona hamna kitu, vumilia, kinakuingia polepole.

Sasa huyu White kilichomnyima raha ni mbayuwayu. Kila mwaka wanakuja kijijini kwake wakati wa joto, wanajenga kwenye mabanda, wanalea, halafu baridi ikikaribia hao wamepotea. Wanakwenda wapi? Enzi hizo kulikuwa na wasomi wakubwa wanaoamini kabisa kwamba mbayuwayu wanajificha wakalala baridi yote, wengine wanasema hata chini ya maji huko kwenye matope. White ana mdogo wake aliyekuwa Gibraltar, anamwandikia kwamba ndege wa namna hii wanaonekana wakivuka bahari kuja Afrika, na White anakubali, lakini hakubali yote, anasema pengine wengine wanabaki, wamejificha kwenye mashimo mahali. Anatafuta. Mwaka hadi mwaka, akimwona mmoja aliyechelewa mwezi wa 11 anaanza upya.

Na mi nasoma hayo huku Tanga, mwezi wa 12, jua la kupasua utosi, nikiinua macho kwenye nyaya za umeme kuelekea Raskazone hao wamejipanga! Wekundu kooni, mgongo wa bluu nyeusi, mkia wa panda, mmoja anajichokoa chini ya bawa, mwingine anashuka kudaka kitu juu ya majani anarudi palepale kwenye nafasi yake. Nikasema mzee wa watu, miaka yote ile unachungulia mashimo, ungemuuliza mtoto yeyote wa pwani. Kitu ambacho kwake ni fumbo, huku ni habari ya kawaida kiasi kwamba hakuna anayeinua kichwa.

Uthibitisho wa kukata maneno wenzetu waliupata 1912, mbayuwayu aliyefungwa kipete mguuni Uingereza mwaka wa nyuma yake akapatikana Natal, Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 120 baada ya kitabu cha White.

Halafu sasa, hii ndo inanifurahisha kuliko zote, mtu aliyekuja kuandika kitabu kizito cha ndege hawa wanaohama kati ya Ulaya na Afrika, kile ambacho wataalamu mpaka leo wanakirejea, kakaa hapahapa kwetu juu. Reginald Moreau. Alikuwa Amani, kile kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha 1902 kwenye milima ya Usambara, unapanda kwa njia ya Muheza. Moreau alikuwepo tangu 1928 mpaka 1946, na wala hakuwa amesomea ndege, alianzia ofisi ya ukaguzi wa hesabu za jeshi kule Cairo, ndege kajifundisha mwenyewe. Kitabu kimetoka 1972, keshafariki miaka miwili nyuma. Kwa hiyo swali limeulizwa kijijini Uingereza na kipande kikubwa cha jibu kikaanza kukusanywa na karani wa hesabu na wasaidizi wake wa Usambara, waliokuwa wakikaa masaa wakihesabu ndege anaingia kiotoni mara ngapi. Ukisoma vitabu hivi ukiwa Tanga unavisoma kutokea upande wa pili, wao wanaandika "huko mbali" na huko mbali ndo wewe umekaa.

Ndo maana nikipata kitabu cha namna hii siwezi kukaa nacho peke yangu, lazima nimtafute wa kukigombeza. Kuna Greenway, mtaalamu wa mimea wa hapo Amani, alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili miaka ya 1930, mi nina kurasa chache tu nilizopigiwa picha na rafiki yangu, ziko kwenye simu. Nikamsomea bi mkubwa, mama yangu. Si akaanza kunisahihisha! Hili ni la Kidigo, hili Wabondei wanaliita hivi, hili huyo Mzungu nani kamdanganya. Nikafika mvule, kitabu kinasema Chlorophora excelsa, nikamwambia mama hili jina la kisayansi limeshabadilishwa siku hizi wanauita Milicia excelsa. Akasema, "Wabadilishe tu, mvule wenyewe washaukata." Nikakosa la kujibu. Basi tukaendelea hadi mwarobaini, hapo tulikubaliana, mwarobaini haugombewi.

Kwa mjomba nako ni samaki. Mnaijua habari ya silikanti, yule samaki wa kale, maana tuna hifadhi yake hapa tangu 2009 ila wengi wetu tunaijua kwa kibao cha barabarani. Mwezi wa 12, 1938, dada mmoja wa makumbusho huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, aliitwa bandarini kutazama samaki wa meli ya uvuvi akakuta mmoja wa bluu mwenye mapezi kama miguu. Akarudi akapekua vitabu alivyokuwa navyo, hayumo. Akachora mchoro akamtumia Smith, mwalimu wa kemia aliyekuwa na wazimu wa samaki, na Smith kuuona tu akili ikamrudia kwenye samaki wa visukuku, yale mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, jamii iliyodhaniwa imekwisha tangu enzi za madinosaria, miaka zaidi ya milioni 60. Ameyasimulia mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1956, Old Fourlegs, na mi nimekisoma kwa pupa mbaya. Alisambaza vikaratasi pwani nzima hii ya mashariki kwa lugha tatu, Kiingereza, Kifaransa na Kireno, zawadi pauni 100 kwa atakayempata mwingine. Kiswahili hakimo! Yaani wavuvi wa pwani nzima ndo unawatafuta, halafu lugha yao huiweki. Wa pili akapatikana Komoro 1952, na kumbe Wakomoro wanamjua siku zote, wana na jina lake, gombessa, ila ana mafuta mengi na si samaki wa kugombania sokoni.

Nikamweleza mjomba yote hayo pale Deep Sea, anashona nyavu. Huku Tanga silikanti wameanza kunasa kwenye majarife, nyavu za papa, tangu 2003 hivi na kuendelea, nyavu zilipoanza kushushwa kwenye vina virefu. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akauma uzi, akaniuliza, "Sasa mjomba, hao waliosema amekwisha, walikuja huku kuangalia?"

Nilicheka lakini swali ni zuri na ndo kasoro ya vitabu hivi nisiyoimeza. Vimejaa maarifa ya wavuvi na wawindaji na mama wa nyumbani, na majina yao huyaoni, labda kwenye dibaji sentensi moja. Hata Desturi za Wasuaheli, kile cha 1903, maneno mengi ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, lakini kwenye jalada jina kubwa ni la Velten, Mjerumani. Hicho kwa kweli kisomeni, kiko kwa Kiswahili chetu, ngoma, harusi, uganga, safari za bara, fungua popote utakuta kitu.

Kuhusu kuvipata, vingi hakimiliki imeshakwisha, viko bure kwenye intaneti vimeskaniwa, ni bando lako tu. White yupo, Krapf yupo, Samuel Johnson yupo. Kwenye simu vinasomeka japo kamusi kwenye simu haina raha ile ya kidole kuteleza kwenye neno la jirani, na ukisachi unapelekwa moja kwa moja kwenye ulichokitaka, ambacho ndo mi sikitaki. Za karatasi zinaokotwa mara mojamoja kwa wauza vitabu vya mtumba, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni, nyingine zina muhuri wa shule ambayo haipo tena.

Na hapa naomba msaada. Huyo Greenway namtaka mzima, sio picha, bi mkubwa ameshaniuliza mara kadhaa kurasa nyingine ziko wapi kwa sababu kuna miti anataka kuisahihisha. Kama kuna mtu Muheza, Korogwe, Lushoto, ana babu aliyefanya kazi Amani na kuna sanduku la vitabu halijafunguliwa, nistueni. Sihitaji kununua, nakaa hapohapo barazani kwenu nakisoma, na machungwa nitakuja nayo.