Nansio Ilikuwa Mwisho wa Tela

Mwaka 2017 nilikuwa kijana wa ofisini kwenye godauni moja la Nyakato, Mwanza. Barua ya ajira ilisema mimi ni mpangaji wa safari za magari. Madereva waliniita "kijana wa kompyuta", na haikuwa sifa.

Kazi ya pale haikuwa kutunza mzigo, ilikuwa kufaulisha. Semi inatoka kiwandani Dar es Salaam na sabuni na mafuta ya kula, inapita Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100, inatufikia alfajiri. Tunaishusha mlango mmoja wa godauni, na kwenye mlango wa pili magari madogo yanapakia hapohapo. Katoni haitakiwi kulala. Ikilala, ujue kuna mtu kakosea, na siku ninayoisimulia mtu mwenyewe nilikuwa mimi, ingawa asubuhi karibu nzima niliamini ni mwingine.

Magari yalikuwa matatu. Canter ilipeleka mzigo Bandari ya Kaskazini, ukapande meli ya asubuhi kwenda Nansio, Ukerewe. Fuso ya kwanza ilikuwa ya Geita: inashika njia ya Usagara, inavuka na kivuko kutoka Kigongo mpaka Busisi, inashusha Sengerema, Geita mjini, inamalizia Katoro. Fuso ya pili ilikwenda Magu, Lamadi, Bunda na Musoma. Nikapanga Canter itangulie, maana meli haina shemeji. Ifuate ya Geita, kwa sababu ya foleni ya kivuko. Enzi hizo ukichelewa Kigongo unakula samaki wa kukaanga mpaka unajuta. (Leo kuna daraja pale, karibu kilomita tatu juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Wapangaji wa sasa hawajui walichoepushwa.) Musoma iwe ya mwisho, kwa kuwa haina maji ya kuvuka. Dereva wake nilimwambia aje saa mbili asubuhi, alale vizuri.

Huo mpango ulikuwa sahihi. Hata leo nautetea. Niliuandika kwa kufuata mpangilio huohuo, Nansio juu, Geita katikati, Musoma chini, na maduka ya kila gari kwa mfuatano wa njia yake, nikautuma kiwandani wapakie.

Semi iliingia saa kumi na moja alfajiri, tope la Shinyanga limeganda mpaka kwenye taa. Utingo akafungua milango ya nyuma. Katoni ya kwanza niliyoiona ilikuwa imeandikwa kwa maka peni nyeusi: MUSOMA. Ya pili MUSOMA. Nikapanda juu na tochi ya simu, nikamulika juu ya mzigo hadi ndani kabisa, kule ukuta wa mbele wa tela ulipo. Sikuona mwisho, lakini nilishajua ni nani amekaa kule.

"Wamefunga kinyume hawa," nikasema kwa sauti ili makuli wasikie. Nilitaka ijulikane mapema kwamba si mimi.

Ikabidi tushushe Musoma yote, na Fuso ya Musoma haipo, dereva wake kalala Igoma kama nilivyomwagiza. Katoni zikaanza kupangwa sakafuni. Godauni lile lilikuwa jembamba kwa makusudi, limejengwa kwa mzigo unaopita tu. Nusu saa baadaye hapakuwa na njia ya kupita mtu mwenye katoni kichwani. Madumu ya mafuta ya lita 20 yakatolewa nje uani, tukayafunika turubai, na mvua ya Mwanza, ambayo huwa haipigi hodi, ikaanza. Geita ikafuata, hiyo angalau gari lake lilikuwa mlangoni. Canter ya Nansio imesimama pembeni, injini inanguruma, dereva anaangalia saa kisha ananiangalia mimi.

Sabuni ya Nansio ilianza kutoka saa mbili kasoro. Tukaipakia kwa kurusha mkono kwa mkono. Nilipanda Canter mwenyewe, kana kwamba uzito wangu ungeisukuma. Buzuruga tulipita vizuri. Mabatini daladala zilikuwa zimeziba Barabara ya Nyerere, na kuna mkokoteni wa mbao umekatika tairi katikati ya njia. Dereva hakusema neno. Alizima redio tu.

Tulipofika bandarini meli ilikuwa imeshaachia kamba. Haikuwa mbali. Ungeweza kuona mtu akipepea leso. Mlinzi wa geti alitutazama, akatazama katoni zetu, akasema, "Ile pale," kama vile tulikuwa tumeulizia.

Nilimpigia karani wa upakiaji kiwandani nikiwa na hasira ya mtu mwenye haki. Nikamwambia wamenifungia tela kinyume, wamenikosesha meli. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Kaka, ngoja nikusomee karatasi yako. Namba moja, Nansio. Namba mbili, Geita. Namba tatu, Musoma. Mimi nimeanza na namba moja."

Tela lina mlango mmoja. Anayeingia kwanza anatoka mwisho. Mtoto aliyewahi kupanda hiace anajua hilo.

Kabla sijakata simu ile, nyingine ikaingia: mama mwenye duka Nansio, ambaye alikuwa ameshalipia mzigo wote. Nikamweleza habari za mvua, foleni, Mabatini. Nikamwahidi kwamba ikibidi tutazunguka na gari kwa Bunda, tuvukie Kisorya. Alinisikiliza kwa adabu. "Mwanangu," akasema, "mimi nakaa kisiwani, sikai barabarani. Nipe habari za meli." Ilibidi nimwambie ni kesho.

Jioni, godauni limefagiliwa na katoni za Nansio zimelala ndani kwa aibu, nilikaa na mzee aliyekuwa kiongozi wa makuli. Alikuwa amepakia magari tangu enzi mizigo mingi ya Dar inakuja kwa treni. Nilikuwa na kalamu na karatasi, nimeshaandika orodha mpya, nimeigeuza yote: ya mwisho iwe ya kwanza, kila kitu, mpaka maduka ndani ya kila njia. Akaisoma polepole, akachukua vizibo vya soda kwenye ndoo ya taka.

Alivipanga sakafuni kwa mstari. "Hili tela. Huyu Sengerema, huyu Geita, huyu Katoro. Umegeuza, kwa hiyo Katoro ameingia kwanza, Sengerema yuko mlangoni. Toa." Nikatoa Sengerema. "Weka kwenye Fuso." Nikakiweka kule ndani, mbele. Kisha Geita, kisha Katoro mlangoni. "Haya, umevuka Busisi, umefika Sengerema. Nipe mzigo wake."

Kizibo cha Sengerema kilikuwa nyuma ya wenzake wawili. Ningeshusha Katoro na Geita yote barabarani ili nikifikie.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho kompyuta yangu haikuwahi kunionyesha. Magari unayageuza: litakaloondoka kwanza liandikwe mwisho. Maduka ndani ya gari huyagusi, kwa sababu mzigo unageuka mara mbili, mlango wa tela na mlango wa Fuso, na ukigeuka mara mbili unakuwa umenyooka tena. Asubuhi ile, katikati ya fujo yote, Fuso ya Geita ilikuwa imejipanga sawasawa, na sikuwa nimeona.

"Kwa nini hukuniambia alfajiri?" nikamuuliza.

"Alfajiri ulikuwa unapiga kelele," akasema, akarudisha vizibo kwenye ndoo.

Nilikatwa gharama ya Canter ya siku ya pili kwenye mshahara. Wiki iliyofuata nilituma orodha: Musoma juu, kisha Geita, Nansio chini kabisa, na maduka yakiwa vilevile kama zamani. Karani akanipigia kuuliza kama niko sawa, maana nusu ya karatasi inasoma kwenda na nusu inasoma kurudi. Nikamwambia apakie kama ilivyoandikwa.

Semi ilifika saa kumi na moja na robo. Utingo akavuta komeo. Yule mzee alisogea, akasoma katoni ya kwanza, akaipokea begani.

"Nansio," akasema. "Moja."