Nimeshahesabu pumzi, sasa nifanye nini?

Hii ilikuwa 2022, korona imeanza kutulia, na mimi kama daktari wa usingizi nilikuwa nazungushwa huku na kule kufundisha wenzangu namna ya kumhudumia mgonjwa mahututi. Safari hiyo tulikuwa hospitali moja ya mkoa kule pwani, jina naliacha. Darasani wamejaa manesi wa wodi zote, matabibu, na madaktari intani waliotoka chuo juzijuzi tu. Kwenye jengo jipya kulikuwa na mashine za kupumulia bado zimefunikwa nailoni na kila mtu alitegemea tunaanza na zile, mpaka mganga mfawidhi akaniuliza asubuhi ile, dokta, mashine mnawafundisha lini? Nikamwambia mashine tutazifikia, leo naomba twende wodini.

Manake mgonjwa mahututi siyo lazima yuko ICU, kile chumba cha uangalizi maalumu. Wengi wako wodi ya kawaida, kalala katikati ya wenzake anahema juujuu na hakuna aliyestuka. Siku hizi hata takwimu zipo, ule utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2025, hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, walikuta katika kila wagonjwa 8 waliolazwa mmoja ni mahututi, na asilimia 69 ya hao mahututi wako wodi za kawaida. Wakati ule sisi hatukuwa na hizo namba ila tulikuwa tunaliona kwa macho kila tukipita.

Basi tukaingia wodi ya wanawake. Nikawapanga wawiliwawili, nesi na daktari, makusudi kabisa, maana naamini ukimfundisha daktari chumba hiki na nesi chumba kile unakuwa umefundisha watu ambao usiku wakikutana kitandani kwa mgonjwa kila mmoja anamsubiri mwenzake. Kazi yao ilikuwa moja tu, hesabu pumzi za mgonjwa wako dakika nzima kwa saa ya mkononi, usimwambie kwamba unahesabu kwa sababu akijua anabadilisha anavyopumua, halafu fungua faili ulinganishe. Mafaili karibu yote yameandikwa 20. Asubuhi 20, jioni 20, jana 20, juzi 20. Na siyo hospitali ile peke yake, hiyo 20 nimeikuta kila nilikopita, na wala simlaumu nesi aliyeachiwa wodi nzima usiku peke yake na dawa za kugawa na dripu za kubadilisha. Kama hiyo namba haijawahi kumfanya mtu yeyote achukue hatua, kwa nini aipoteze dakika yake kuihesabu?

Kitanda cha dirishani kulikuwa na bibi mwenye nimonia, ametoka kwenye harusi ya mjukuu, vidole vyote vina piko. Pale nilimweka intani mmoja wa kike na mama mmoja wa siku nyingi, inchaji wa wodi. Intani akambana bibi kile kipimo cha oksijeni kidoleni, hakisomi, akasema kimeharibika. Mama inchaji hakubishana naye, akamwambia mwanangu piko hiyo, akafunua shuka akatafuta kidole cha mguu ambacho piko haikufika, akakiweka pale. Ikasoma 84, yaani oksijeni iko chini mno. Pumzi walizohesabu 36 kwa dakika, mbio kupita kawaida. Kwenye faili, 20.

Nikasema mjadala baadaye, bibi kwanza. Tukamwinua akae, mito mgongoni, tukaleta mtungi wa oksijeni. Mtungi upo, umejaa, ila spana ya kuufungulia haipo, inakaa stoo na mtunza stoo yuko benki. Intani mwingine akakimbia wodi ya jirani akaazima. Tulivyompa lita 5 kwa mipira ya puani namba ikaanza kupanda polepole, 88, 91, 93, na bibi akaweza kusema sentensi nzima bila kukatisha, akatuuliza kama mjukuu wake ameambiwa.

Tuliporudi darasani nikafunga laptop, somo la mchana lote nikaliweka pembeni, kwa sababu Mama inchaji alisimama akauliza swali ambalo kwangu ndiyo lilikuwa somo lenyewe. Alisema, dokta leo mmetufundisha kuhesabu, tumehesabu, 36 na 84, sasa nifanye nini? Yule intani akamjibu kwa heshima tu, mama unamwita daktari. Akasema nimwite saa nane usiku, daktari yuko tieta kashika kisu, atasema nakuja, mimi nisimame namwangalia? Intani akasema lakini mama oksijeni ni dawa, tumefundishwa hivyo, dawa haitolewi bila kuandikwa na daktari, na likitokea tatizo anaulizwa nani. Hapo darasa likagawanyika, manesi wanaongea kwa pamoja, madaktari nao wanaongea kwa pamoja.

Mimi nikasema wazi kwamba intani hajakosea, oksijeni ni dawa kweli. Kwa mtoto njiti ikizidi inaharibu macho. Na inaisha, mtungi mkubwa ukiwa umejaa una kama lita 7,000, ukimpa mtu lita 10 kwa dakika hata masaa 12 haumalizi. Kwa hiyo kama ni dawa, iwe na dozi, iwe na namba ya kuanzia na namba ya kupunguzia, na viandikwe mapema mchana na daktari mwenyewe, ili usiku nesi akianza awe anatekeleza kilichokwisha kuandikwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, walishafanya kitu cha namna hii ICU na matokeo yakachapishwa 2015, namba za hatari kwenye karatasi na mbele ya kila namba kitu cha kufanya papo hapo. Haikuwa kitu cha kuogopa, kilikuwa kimefanyika nchini kwetu.

Tukaiandika pale pale kwenye bango, kwa mtu mzima. Oksijeni chini ya 90, nesi anamkalisha mgonjwa, anaanza na mipira ya puani, ndipo anapiga simu. Isipofika 90 anabadilisha, maski yenye mfuko, lita 10 kwenda juu, anapiga simu tena. Ikipita 96 anapunguza. Mgonjwa asiyeitika, anageuzwa ubavu kwanza, anaangaliwa njia ya hewa, anapimwa sukari. Kila mstari walibishana, hasa mstari wa simu, manesi walitaka iandikwe daktari asipokuja ndani ya muda fulani anapigiwa nani, na madaktari walinyamaza kidogo halafu yule yule intani ndiye aliyesema iandikwe, daktari wa pili kwenye rosta, na namba yake ya simu ibandikwe ukutani.

Mganga mfawidhi aliingia tukiwa katikati. Akasoma bango lote amesimama, akauliza nesi akianza oksijeni halafu mgonjwa akafa nani anajibu. Mama inchaji akamwambia, mkuu, na asipoanza mgonjwa akafa, anajibu nani? Mfawidhi akaomba kalamu. Alisaini palepale kwamba tunaanza na wodi ya wanawake na ya wanaume, halafu akauliza kama kuna lingine.

Lipo, spana.

Kwa kweli hiyo spana nilitamani kila mfadhili anayetuletea mashine aione, kipande cha chuma cha kushika mkononi, lakini kikikosekana usiku hata mtungi ukijaa vipi hausaidii kitu. Mfawidhi akamwita fundi na jioni ile ile kila mtungi wa wodini ukawa na spana yake imefungwa kwa mnyororo. Mama inchaji yeye akaongeza lake bila kumuuliza mtu, akachora safu mpya kwenye daftari la kukabidhi zamu, geji ya kila mtungi isomwe na iandikwe. Kesho yake asubuhi mtungi mmoja ulikutwa tupu ukabadilishwa kabla raundi haijaanza, na bibi wa dirishani alikuwa ameshapunguziwa mpaka lita 2. Zile mashine za kupumulia tulizifungua siku ya mwisho.